Usiiguse Kamera Yenyewe

Wiki iliyopita mteja alipitisha utangulizi wa kipindi chake bila kurudisha hata sekunde moja. Ni mwendo mmoja wa kamera mwanzo hadi mwisho, kamera ya kubuni iliyo ndani ya After Effects, programu ya kutengeneza michoro inayosogea: inapenya katikati ya maneno, inazunguka nembo, inatulia. Najivunia kazi ile na sioni sababu ya kuficha. Miaka ya nyuma, studio niliyokuwa nikifanyia kazi ilininyang'anya kazi ya aina hiyo hiyo. Mkuu wetu alisema mbele ya wenzangu kwamba nibaki na maandishi bapa, mambo ya kamera niwaachie wenye jicho. Kauli ile inaniuma hadi leo. Jicho nilikuwa nalo. Nilichokosa ni mtu wa kunieleza kamera ya After Effects inavyofikiri, na najua wengi wenu mnaotaka kufika huku mmekosa mtu huyo huyo.

Kamera hiyo kwa kawaida ina nukta mbili: mahali ilipo na mahali inapotazama. Ukisogeza ya kwanza ukaiacha ya pili, kamera inaendelea kuitazama ile nukta kwa nguvu zote, na ikiipita, picha inapinduka ghafla. Ndicho kilichokuwa kikitokea kila nilipojaribu kupenya kwenye maneno. Nilikesha nikiongeza fremu kuu za kufidia, zile alama za kuiambia programu kitu kiwe wapi kwa wakati fulani, asubuhi mkuu anatazama, anatikisa kichwa, anaondoka. Hakuna aliyeniambia kwamba kamera haifai kuguswa.

Badala yake, unda nali, ile leya (tabaka la kazi) tupu isiyoonekana kwenye video ya mwisho. Iwashie 3D, iweke katikati ya nembo, kisha ifanye mzazi wa kamera, yaani kamera iifuate kila inavyosogea. Sasa ukiizungusha nali, kamera inaizunguka nembo, na nukta yake ya kutazama inakwenda pamoja nayo. Ongeza nali ya pili iwe mzazi wa ile ya kwanza. Hii ya pili kazi yake ni kusogea tu, ya kwanza kuzunguka tu. Nilipoligundua hili nilirudia usiku huo huo ule mwendo niliopokonywa, na ukatoka laini. Hakuna aliyeuona isipokuwa mimi.

Halafu tandaza leya zako kwenye mhimili wa Z, ule wa mbele na nyuma. Zikikaa zote mahali pamoja, kamera ikisogea mbele ni sawa na kukuza picha tu, hakuna kina. Kwenye video ya upana wa pikseli 1920, lenzi ya milimita 50 inaiweka kamera kama pikseli 2667 kutoka kwenye leya. Leya iliyo umbali huo inaonekana kwa ukubwa wake. Ikiwa mara mbili ya umbali huo, inaonekana nusu. Kwa hiyo mandhari ukiyasukuma nyuma kiasi hicho, yakuze hadi asilimia 200. Fungua na dirisha la kutazama kutoka juu, maana kwenye dirisha la kamera peke yake unapapasa gizani.

Na fremu kuu, jamani, punguzeni! Mbili zinatosha kwa mwendo mmoja. Ukiweka ya tatu katikati halafu ukabonyeza F9, kitufe cha kulainisha kuanza na kusimama, kamera inasimama pale kisha inaanza upya, na mtazamaji anaihisi breki hiyo hata kama hawezi kuitaja. Laini inatafutwa kwenye grafu ya kasi. Msikimbilie kununua mienendo iliyotengenezwa tayari kabla hamjaitengeneza wenyewe kwa mkono, na msikubali mtu awaambie hamna jicho.

Ukungu wa kina, ule unaofifisha vilivyo nje ya fokasi, uwasheni mwisho, mwendo ukishakubaliwa, kwa sababu unachelewesha sana kurenda, yaani kutoa video ya mwisho. Kisha ingieni menyu ya leya, sehemu ya kamera, muunganishe umbali wa fokasi na leya ya neno linalopaswa kusomeka. Kamera ikisogea, fokasi inalifuata neno hilo bila fremu kuu hata moja.