Kwa Neema, kuhusu mkuu wenu mpya

Moshi

Mwanangu Neema,

Salamu zako zimefika na sisi huku hatujambo, ila baba yako na goti lake. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na yeye. Unasema mkuu wa kituo chenu cha ubunifu na usanifu anastaafu muhula ukiisha, nafasi yake amepewa mtu kutoka nje ya chuo, na mtu huyo kwenye kikao cha kwanza tu ametangaza kwamba kila kitu kitaanza upya. Halafu ukauliza: "Mama, mimi nimelelewa na huyu anayeondoka. Nikimkubali mgeni, si nitakuwa nimemsaliti?"

Hapana. Lakini nakujua, hapana kavu hutaipokea, kwa hiyo acha nikupeleke Makerere.

Margaret Trowell alikuwa Mwingereza, amesoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, akaja Uganda pamoja na mumewe daktari. Mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji barazani kwake, Kampala. Jengo hakuna, fungu la fedha hakuna. Shule ya sanaa ya Makerere chimbuko lake ni baraza hilo. Alikuwa na namna yake: anawasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kila mmoja analiona kichwani mwake, kisha anachora alichokiona yeye. Kunakili hakutaka hata kusikia. Tena aliogopa kwamba ukimshindilia kijana wa Kiafrika kanuni za Ulaya, utamuua jicho. Mikononi mwake walipita Gregory Maloba wa Kenya, Sam Ntiro wa Machame, mtu wetu kabisa, na Elimo Njau wa Marangu.

Mwaka 1958 akastaafu. Aliyemfuata ni Cecil Todd, aliyetokea Afrika Kusini, na huyo alikuja na nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya, yaani yaleyale ambayo mama wa watu alikuwa akiyazuia mlangoni. Wewe unalalamikia kikao kimoja!

Wengi wakisimulia habari hii humsifu Trowell na kumkunjia uso Todd. Mimi, niliyeshika chaki ya somo la sanaa mpaka nikastaafu, siwafuati. Upole wa Trowell ulikuwa na dari. Mtu akikuambia "hili usijifunze, litakuharibu", hata kama anakupenda kwa dhati, amekwisha kukuamulia utakapoishia. Na hofu yake haikuthibitika. Ntiro alikwenda Slade, shule ileile ya mwalimu wake, akarudi akaendelea kuchora migomba, mashamba na watu wa mlimani kama alivyotaka mwenyewe. Jicho lake halikufa. Todd naye hakuwa malaika, maana historia aliyoitanguliza ilikuwa ya watu wengine, na mwanafunzi aliyetaka kuwaona wazee wake ndani yake ilibidi awatafute kwa juhudi zake. Hata hivyo ni enzi ya Todd ndiyo iliyomtoa Theresa Musoke, binti aliyechora ukutani Mary Stuart, bweni la wasichana hapo Makerere, picha ya uzazi na uhai mpya.

Sasa mtazame Maloba, kwa sababu ndiye aliyekaa unapokaa wewe. Ni mmoja wa wanafunzi wa mwanzo kabisa wa Trowell, akabaki kufundisha uchongaji palepale. Trowell alipoondoka hakufunga virago. Ukifika Kampala mjini, nenda uiangalie sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962. Mama amesimama, mwili umezongwa mikanda kama mtu anayefunguliwa vifungo, mikono yake yote miwili imemnyanyua mtoto, na mtoto naye amenyoosha mikono juu. Hiyo ni kazi ya Maloba, na alipoichonga mkuu wa shule alikuwa Todd. Nani atasema alimsaliti mwalimu wake? Shule yenyewe inaitwa kwa jina la Margaret Trowell hadi leo, ndani ya Chuo cha Uhandisi, Usanifu, Sanaa na Teknolojia. Njau naye mwaka 1965 alianzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa kule Nairobi pamoja na wenzake, na akashikilia neno lake kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Ukilisikia neno hilo, unajua kabisa limetoka baraza gani.

Kwa hiyo huyo unayemlilia hatapotea kwa sababu umemkaribisha mwingine. Kinachoweza kupotea ni kitu kingine, na hicho ndicho kinanipa wasiwasi: ujuzi wa tanuri lenu la kuchomea vyombo vya udongo.

Uliwahi kuniambia kwamba akiwa safarini hakuna anayethubutu kuliwasha. Hilo ni jambo la hatari kuliko hotuba yoyote ya mgeni. Mkuu wenu anayeondoka anajua moto upandishwe taratibu kiasi gani mpaka maji yote yatoke kwenye udongo, maana ukiharakisha, mvuke unapasua vyombo humo humo ndani. Anajua kwamba karibu nyuzi 573 za Selsiasi chembe za mchanga zilizo kwenye udongo hubadilika ghafla, na mtu akilipoza tanuri kwa pupa hapo ndipo nyufa zinapoingia. Hayo ya vitabuni utayapata. Lakini rafu ipi ya tanuri lenu inaunguza zaidi, udongo mzuri mnauchukua kwa nani, na umeme ukikatika katikati ya kazi anafanyaje, hayo yako mikononi mwake tu. Makabidhiano ya ofisi yatahesabu viti, kompyuta na mihuri. Hayo mengine hakuna atakayeyahesabu. Nunua daftari gumu, kaa naye kila anapochoma, uandike.

Mgeni akifika, daftari liwekwe mezani kwake, usilifiche kabatini ukingoja aje kukuomba. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, ila maofisini mwenyeji huanza kwa kununa. Usinune. Mwache aseme maono yake, kisha muulize Jumamosi karakana itafunguliwa saa ngapi na funguo atashika nani. Mkuu anayeanza na nembo mpya na rangi ya ukuta, mwangalie kwa makini kabla hujamwamini. Akiwa na jibu la kueleweka kuhusu Jumamosi, mpe mwaka mmoja wa kazi yako bila kinyongo. Na akitaka kuleta fani usiyoijua, jifunze. Wewe si wa kuwekewa dari na mtu yeyote, hata yule unayempenda.

Liko jambo ambalo hukuliandika, lakini mimi ndiye niliyekuzaa: kuna watu wamekunong'oneza kwamba nafasi ilikuwa yako. Pengine. Maliza kwanza shahada ya uzamili, itakapotangazwa tena uombe, na hao wanaonong'ona uwaombe wakuandikie barua za udhamini. Utawaona watakavyotawanyika.

Baba yako anasema usiache kazi kabla hujapata nyingine. Kwa hilo sina la kuongeza. Ukishaonana na huyo mgeni, niandikie amejibu nini kuhusu funguo.

Mama yako