Jibu: Kitufe cha SOS kinanipeleleza?

Mkuu, kile kitufe juu ya kioo kwenye gari lako la Uingereza hakikufuatilii ukitoka Moshi kwenda Arusha. Ni eCall, mfumo wa gari kupiga simu ya dharura lenyewe; Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa aina mpya za magari tangu 31 Machi 2018. Imelala tu hadi eabegi zifumuke au ubonyeze mwenyewe, ndipo inapiga 112, namba ya dharura ya Ulaya, na kutuma mahali ulipo, saa, uelekeo, namba ya chesisi na idadi ya mikanda iliyofungwa.

Cha kuogopa ni programu ya simu ya mtengenezaji wa gari, maana ndiyo inaweza kuonyesha gari lilipo. Gari langu nililikuta bado limeunganishwa na simu ya mwenye gari wa zamani, na nyumbani kwake Leeds, Uingereza, kwenye ramani! Futa akaunti hiyo leo. Na ukipata ajali pale Kikavu, eCall usiitegemee. Imeundiwa vituo vya dharura vya Ulaya.