Florini ya Afrika Mashariki: maswali yenu kuhusu sarafu za babu

Nimekuta sarafu yenye simba na milima, upande wa pili mfalme. Ni florini? (Msomaji, Tanga)
Soma maandishi kwanza, simba baadaye. Simba huyohuyo alihamia kwenye shilingi, na shilingi hizo zimejaa tele. Florini imeandikwa ONE FLORIN, ina upana wa milimita 28 na uzito wa gramu 11.66, nusu yake madini ya fedha. Shilingi ya 1921 haifiki gramu 8, na fedha yake ni robo tu.

Mbona hata wazee hawaitaji florini katika mazungumzo? (Nakuru)
Haikudumu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya fedha ilipaa, na rupia ya Kihindi iliyotumika huku ikapaa nayo, kutoka shilingi moja na peni nne za Uingereza hadi kupita shilingi mbili. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ikaifunga rupia kwenye shilingi mbili za Uingereza, kisha ikaleta florini ya thamani hiyohiyo, senti 100. Walowezi waliokopa kwa rupia walipiga kelele: deni lilinenepa bila wao kuongeza mkopo! Mwaka uliofuata ikaamuliwa pesa ya huku iwe shilingi ya Afrika Mashariki, mbili kwa florini moja, na 1922 florini ikawa inaondoka.

Yangu ni ya 1920. Nimetajirika?
Bado, ndugu yangu. Ina gramu 5.83 za fedha safi. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, usikubali chini ya hapo. Kinachopandisha bei ni hali yake: nywele na taji la mfalme zisiwe zimelika. Ya 1921 ndiyo wakusanyaji wanayoitafuta kwa udi na uvumba, kwa kuwa ni adimu mno. Ukiiona, kagua tarakimu ya mwisho kwa lenzi kabla ya kushangilia, maana sifuri huchongwa ikawa moja.

Niisugue kwa limau na majivu ing'are?
Usithubutu. Weusi ule mnunuzi anaupenda, mikwaruzo haifutiki.

Bibi aliitoboa, akaivaa shingoni.
Sokoni imerudi karibu na bei ya fedha yake. Mimi ningemwachia mjukuu aivae.

Kuna jamaa anasema atainunua kwa mamilioni, ila nitangulize ada ya kipimo.
Mnunuzi wa kweli hutoa hela, haombi. Ipeleke kwa sonara mwenye mizani, ipimwe mbele yako, kisha urudi nayo nyumbani.