Kuvizia dau sekunde za mwisho: maswali yenu

Wiki hii inbox imejaa minada ya mtandaoni tu, na karibu wote mnalia kilio kimoja, mtu kaongoza wiki nzima halafu kaporwa mwishoni kabisa. Haya twende.

SWALI: Shikamoo kaka. Nimeongoza mnada wa lenzi ya kamera eBay siku sita, dau langu dola 70, zikiwa zimebaki sekunde nne mtu kanipita kwa dola moja tu! Huu si wizi jamani? (Dada wa Tabata)

Marahaba dada, pole sana, ila wizi hapo hamna, eBay wenyewe wanaruhusu. Na hiyo dola moja isikuumize kichwa maana inadanganya. Ukiweka dau eBay unachoandika ni mwisho wako, yaani bei ya juu kabisa unayokubali kulipa, mashine inakupandishia kidogo kidogo pale tu mwingine anapokusogelea. Wewe uliandika 70, jamaa labda aliandika 85, labda 120, hutajua milele, mashine ikamsimamisha kwenye 71 kwa sababu kuanzia dola 25 mpaka 99.99 ngazi ya kupanda ni dola 1. Sasa jiulize, ungelipa 72? Kama ungelipa basi 70 haikuwa mwisho wako, ulijibania mwenyewe.

SWALI: Kama mashine inanipandishia yenyewe, kuvizia kuna faida gani? Si niweke mwisho wangu siku ya kwanza nikalale? (Kisumu)

Kwa hesabu tupu uko sahihi kabisa. Shida ni binadamu. Kuna watu hawaandiki mwisho wao, wanapanda ngazi moja moja kama wako mnadani kweli, akiona kapitwa anarudi, akipitwa tena anarudi na hasira, na kila akirudi anakula pesa yako wewe. Ukitokea zimebaki sekunde tano huyo hana muda wa kupandwa na mori. Halafu kuna wale marafiki wa muuzaji, wanatumwa kusukuma bei, eBay ni marufuku lakini wapo, ukiweka dau jumatatu wana wiki nzima ya kupapasa mpaka wajue mwisho wako uko wapi.

Ila sababu ninayoipenda mimi ni ya wataalamu. Chukua saa ya mkononi ya zamani, picha mbovu, maelezo mistari miwili, hakuna anayejua ni orijino au la. Akija mtu anayezijua saa akaweka dau mapema, kashawaambia wote kuwa kitu ni cha kweli, kawafanyia kazi bure! Kwa hiyo ananyamaza mpaka mwisho. Maprofesa Alvin Roth na Axel Ockenfels waliliangalia hili, utafiti wao ulitoka 2002, na wakakuta eBay madau ya dakika za mwisho ni mengi zaidi kwenye vitu vya kale kuliko kwenye kompyuta. Kompyuta kila mtu anajua bei yake, hakuna siri ya kulinda.

SWALI: Bro hii mbinu inafanya kazi kwenye minada ya Yahoo Japan? Natafuta spea za gari.

Angalia kwanza mnada unafungwaje. Kule muuzaji anaweza kuweka nyongeza ya muda, ukitupia dau ndani ya dakika 5 za mwisho mnada unasogea dakika 5 mbele, ukitupia tena unasogea tena, sasa utamvizia nani? Amazon nao walikuwa na minada yao tangu 1999, haikufungwa mpaka dakika 10 zipite bila dau jipya, na hao hao maprofesa wakaona kule wazoefu wala hawakuhangaika na kuvizia, wakati eBay ambako saa ikifika imefika, wazoefu ndio wanaovizia zaidi.

SWALI: Niko Dar, mnada unaisha saa 12 jioni ya California. Niamke au nitumie programu ya kuvizia?

Kipindi ambacho kule wamesogeza saa zao mbele hiyo ni saa 10 alfajiri kwako, wakizirudisha ni saa 11. Nimeamka hivyo mara nyingi, kisha bando likakata zimebaki sekunde ishirini, nikabaki naangalia kile kiduara kinazunguka mpaka nikaambiwa mnada umeisha. Programu zipo na zinafanya kazi, ila nyingi zinataka neno lako la siri, hapo mimi roho inasita. Kama kitu si adimu weka mwisho wako jioni ulale, na kumbuka mkilingana dau aliyetangulia ndiye anachukua. Na kabla ya kuandika huo mwisho toa kwanza usafiri na ushuru wa bandarini, wengi wanavizia vizuri kisha wanalia kwenye mzigo.

SWALI: Nikikosea tarakimu naweza kufuta dau?

Kwa eBay, zikiwa zimebaki chini ya saa 12 mnada ufungwe unaweza, ila ndani ya saa moja tangu uliweke, na iwe na sababu kama hiyo ya kukosea tarakimu. Aliyevizia saa moja hiyo hana. Mimi niliwahi kutaka kuandika 45.50 kwenye kamera kuukuu, vidole vinatetemeka, zimebaki sekunde nane, nukta haikuingia, nikabonyeza. Dola 4550! Nikasimama katikati ya chumba na boksa natafuta pa kufuta, mnada ukafungwa. Aliyekuwa nyuma yangu mwisho wake ulikuwa 38, nikalipa 39. Mpaka leo nawaza ingekuwaje kama naye nukta yake ingegoma.