Jibu: Mpiga piano anayesali kabla ya onyesho

Ndugu, umeuliza kama mpiga piano wa muziki wa kale wa Ulaya anayesali kabla ya kupanda jukwaani anaabudu au anatumbuiza tu. Mimi, ninayepiga kinanda cha kwaya hapa Dodoma, sioni kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Mtazame mpiga piano Maria Yudina wa Urusi, ambaye hakuificha imani yake ya Kiorthodoksi chini ya utawala wa Kisovieti, hata akaondolewa katika kazi ya kufundisha muziki mjini Leningrad mwaka 1930.

Hata hivyo, sala haichukui nafasi ya mazoezi. Katika kitabu ambacho Bach, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, alianza kumwandalia mwanawe mwaka 1720, aliandika herufi I.N.J., kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya “kwa jina la Yesu”, juu ya zoezi dogo la kupanga vidole. Si juu ya misa kubwa, bali juu ya kazi ile ile ya kuchosha ambayo wengi wetu huikwepa Jumamosi jioni (nami nimo). Kwa hiyo ningekushauri uanzie hapo, kwenye zoezi, kabla ya kuwafikiria wasikilizaji.