Ua la njano lenye miiba

SWALI: Shikamoo Bibi. Nyuma ya nyumba yetu Pongwe, ukingoni mwa shamba la mkonge, umeota mmea wa miiba wenye ua la njano. Mdogo wangu anasema ni mpopi. Naweza kuuhamishia kwenye kopo, niuweke barazani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mdogo wako amepatia. Huo ni mbaruti, ndugu wa mipopi, asili yake Meksiko. Utazame kwa karibu: jani lina rangi ya kijani iliyofifia kama limepakwa majivu, na mishipa yake ni myeupe. Likate kwa kisu, usilishike kwa mkono mtupu, utaona utomvu wa manjano kama maji ya bizari. Hapo huna tena shaka.

Kuuhamisha, hapana. Mzizi wake mkuu huzama chini, ukiukata mmea hunyauka. Kinachonitia hofu zaidi ni mbegu. Tunda likikauka hupasuka juu na kumwaga punje nyeusi ndogo, mtu anaweza kudhani ni haradali. Zina sumu. Mwaka 1998 huko Delhi, India, mafuta ya haradali yaliyochanganyika nazo yalivimbisha watu miguu na kuua wengi. Tafadhali ung'oe kabla matunda hayajakauka, mtoto asije akayachezea.

Ukitaka mpopi wa kupendeza, una shangazi Lushoto? Kwenye baridi ile mpe mbegu za mpopi mwekundu wa Ulaya. Azinyunyize juu ya udongo uliotifuliwa, asizifukie, maana zinataka mwanga ili ziote.