Maswali ya Wasomaji: Milima Ina Majira Yake, Sokwe Nao Wana Yao

Barua za safari hii zimetoka zaidi mikoa ya magharibi, na karibu zote zinahusu jambo moja, yaani namna ya kupiga picha za milima na wanyama katika kiangazi na katika mvua. Nimechagua tano, na nimezifupisha kidogo bila kugusa maana yake.

*

Shikamoo, mzee wetu wa kamera. Ninauza duka hapa Mwanga, Kigoma, na kwa miaka miwili nimeweka akiba ili nikapige picha Hifadhi ya Taifa ya Mahale. Nina nafasi ya safari moja tu. Niende mwezi gani nikapate sokwe na Mlima Nkungwe kwa mkupuo mmoja?

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mlima na sokwe hawapatani kuhusu mwezi.

Kiangazi chetu huanza katikati ya Mei na kufika Oktoba, na watu wengi watakuambia uende Agosti au Septemba. Kwa upande wa sokwe wamesema kweli, kwani mwishoni mwa kiangazi makundi mara nyingi hushuka kwenye miteremko ya chini iliyo karibu na ziwa, njia huwa kavu, na mtu anaweza kuwakuta bila kupanda nusu siku. Lakini miezi hiyohiyo ndiyo ya moto wa nyika. Moshi hutanda kuanzia misitu ya miombo hadi juu ya maji, na wewe uliyezaliwa Kigoma unajua kwamba Septemba unaweza kukaa ufukweni wiki nzima usiione milima ya Kongo, ingawa upana wa ziwa kwa wastani ni kilomita 50 tu. Nkungwe, wenye urefu wa meta 2,462 kutoka usawa wa bahari, unasimama takriban meta 1,700 juu ya maji ya Tanganyika. Ukiupiga picha katika moshi ule utapata kivuli cha kijivu ambacho ni lazima ukieleze kwa maneno ndipo mtu ajue kuwa ni mlima.

Mvua zikianza Novemba, mambo hugeuka. Mvua kubwa ikipita mchana, hewa huoshwa, na kwa saa moja au mbili kila korongo la Mahale huonekana kama limechorwa kwa kalamu, huku mawingu yakikatisha katikati ya mteremko na kilele kikijitokeza juu yake. Sijawahi kupata picha ya mlima iliyonipendeza katika Septemba, na zote ninazozithamini ni za Desemba hadi Aprili. Wakati huo, hata hivyo, njia zinateleza, sokwe wanaweza kuwa mbali juu, na baadhi ya kambi za wageni hufungwa mvua zinapokuwa nyingi.

Kwa kuwa una safari moja, nenda mwishoni mwa Mei au Juni. Hewa huwa bado safi, majani bado ni mabichi, na njia zimeanza kukauka. Huenda ukatembea sana kabla ya kuwafikia sokwe, kwani Mahale hakuna barabara za magari ndani ya hifadhi na kila kitu hufanywa kwa miguu, lakini wewe ni kijana.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hulisahau, nalo ni upande wa jua. Milima yetu iko mashariki mwa ziwa, kwa hiyo asubuhi jua huchomoza nyuma yake na uso wake wote unaotazama maji huwa gizani. Mtu anayeamka alfajiri kupiga picha ya Mahale akiwa ufukweni anajisumbua. Asubuhi hiyo ni afadhali aitumie kuwatafuta sokwe. Mlima hupigwa jioni, ikiwezekana kutoka kwenye boti iliyosogea mbali kidogo na pwani, jua linapoelekea Kongo na kuuangaza kuanzia chini hadi juu. Nao wanaotoka Dar es Salaam wakumbuke kwamba huku jua huzama zaidi ya nusu saa baada ya kwao, kwa hiyo wakifunga mikoba saa kumi na mbili watakuwa wameacha mwanga bora zaidi wa siku nzima.

*

Mimi ni mkazi wa Ujiji na nimebahatika kufika Hifadhi ya Taifa ya Gombe mara mbili. Picha zangu za sokwe hutoka kwa namna mbili tu, zote mbaya: ama sokwe anakuwa wa rangi ya majivu kama aliyezeeka ghafla, ama anakuwa kivuli cheusi kisicho na uso. Kamera ni nzuri. Kosa liko wapi?

Kosa ni la kamera, ndugu yangu, ingawa nzuri. Kifaa kile hakijui kwamba kinatazama sokwe. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilichomo ndani ya fremu, kikichanganywa pamoja, kina mng'ao wa wastani, mfano wa rangi ya majivu. Ukimkaribia mnyama mweusi hadi manyoya yake yakajaza fremu, kamera huona giza, hudhani mwanga ni hafifu, huongeza, na sokwe wako huwa wa majivu. Akipanda mtini ukampiga dhidi ya anga au dhidi ya maji yanayong'aa, huona mwanga mwingi mno, hupunguza, na uso hupotea.

Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho watu wengi hununua kamera na kuiuza bila kukigusa. Manyoya yakijaza fremu, rudisha mwanga nyuma kwa theluthi mbili za hatua au hatua moja nzima (kila hatua huongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu). Sokwe akiwa juu ya tawi na anga nyuma yake, ongeza hatua moja na nusu au mbili, na ukubali kwamba anga litakuwa jeupe. Usijaribu kuviokoa vyote viwili. Macho ya sokwe yakionekana, hakuna atakayeuliza habari za anga.

Kuhusu kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufungwa, chini ya miti ya bondeni mwanga ni haba hata saa sita mchana. Mimi huanzia sehemu moja ya 250 ya sekunde kwa sokwe aliyekaa, na moja ya 500 au zaidi kwa anayetembea, huku nikifungua tundu la lenzi hadi mwisho na kuipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au 6400 bila aibu. Chengachenga za ISO zinavumilika, lakini uso uliotikisika hautibiki. Hugo van Lawick, mpigapicha Mholanzi aliyefika Gombe mwaka 1962 na ambaye picha zake ziliwafanya walimwengu wawatazame sokwe wa Kigoma, alifanya kazi hiyo kwa filamu, pasipo kioo cha kumwonyesha papo hapo alichokipata. Sisi tunacho kioo, basi tukitazame baada ya picha ya kwanza, kabla ya kupiga ya mia moja.

Usihangaike pia kubeba lenzi ndefu kama bomba. Masharti yanakutaka ukae umbali wa meta 10, na kwa umbali huo lenzi ya milimita 70 hadi 200 inatosha. Mwenye ya 600 hupata pua.

*

Ninafundisha Kasulu. Likizo yangu ni Desemba, na rafiki zangu wananicheka kwamba Gombe wakati wa mvua ni kupoteza nauli. Je, niwasikilize?

Usiwasikilize, Mwalimu. Mvua za kwanza ndizo zinazoleta jambo ambalo kiangazi hakikuonyeshi vizuri. Sisi watu wa Kigoma mvua zikianza tunatazamia kumbikumbi, na sokwe wa Gombe wanawatazamia mchwa, ndugu za kumbikumbi hao: Oktoba hadi Desemba huketi kwenye vichuguu, wakachuma jani au kijiti, wakakinyoosha kwa midomo, wakakichomeka kwenye tundu na kukivuta taratibu kikiwa kimeng'atwa na mchwa askari. Ilikuwa Novemba 1960 ambapo Jane Goodall, mtafiti Mwingereza aliyefika Gombe Julai mwaka huohuo, alimwona sokwe akifanya hivyo, na dhana ya kwamba mwanadamu peke yake ndiye mwenye zana ikaanza kuyumba.

Kwa mpigapicha, tendo hili ni zawadi, kwa sababu mnyama hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Shuka chini hadi kamera iwe sawa na kichuguu. Acha uso kwanza, lenga pale kidole cha kwanza na kidole gumba vinapokishika kijiti, kisha subiri kivutwe. Mara moja nilikaa hivyo nikiwa nimepiga goti kwenye tope, mama mmoja akivua na mwanawe akiwa begani kwake. Kila kijiti kilipotoka, mtoto alinyoosha mkono, na kila mara mama alikipeleka kijiti mdomoni mwake mwenyewe. Katika saa nzima niliyoruhusiwa nilipata picha nne tu zinazofaa, na zote nne ni za mikono.

Usitegemee kuona jambo lilelile Mahale. Sokwe wa kundi la M, ambalo wageni hutembelea huko, huvua sisimizi wa mitini aina ya seremala badala ya mchwa wa vichuguu, na wanapochambuana manyoya wawili hushikana mkono mmoja juu ya vichwa vyao kama watu wanaosalimiana kwa furaha, desturi ambayo wenzao wa Gombe hawana. Ukizipata picha hizo mbili, ya kijiti na ya mkono, utakuwa umewaonyesha wanafunzi wako kwamba hata sokwe wa mkoa mmoja wana mila tofauti.

Na mvua ikikukuta karibu na maporomoko ya Kakombe, kaa tayari, kwani madume huweza kuchachamaa, wakatingisha matawi na kuyumba huku na huku mbele ya maji. Hapo punguza kasi ya shata hadi moja ya 60 ili matone yawe mistari.

*

Niko Sikonge, mkoa wa Tabora. Kila toleo mnaandika habari za Mahale na Gombe. Sisi tusio na milima, tena wenye simu tu, tufanye nini?

Lawama nimeipokea, na ni ya haki. Lakini ndugu yangu, unaishi ndani ya msitu ambao hubadilika sura kuliko mlima wowote. Mwezi Septemba na Oktoba, kabla tone moja la mvua halijaanguka, miombo huchipua majani mapya ya rangi ya shaba na damu ya mzee. Mtundu hasa huwa mwekundu mtu akadhani unaungua. Baada ya siku chache rangi hiyo huingia ukijani, na asiyekuwepo hukosa hadi mwaka unaofuata. Simu inatosha kabisa. Simama jua likiwa nyuma ya majani, si nyuma yako, ili mwanga upite ndani yake, kisha gusa kioo palipo na jani na ushushe mwanga kidogo kwa kidole.

Ningependa ufanye jambo moja ambalo mimi, kwa uvivu, nililianza nikaliacha. Chagua mti mmoja, ikiwezekana wenye mzinga, weka jiwe pale unaposimama, na uupige picha kutoka jiwe hilo kila mwezi kwa saa ileile. Picha kumi na mbili za mti mmoja zinaeleza majira ya Unyamwezi kuliko safari ya hifadhi.

Ukitaka wanyama, mna Mto Ugalla, ambao hifadhi yake ilipandishwa kuwa ya taifa mwaka 2019. Kiangazi kinapokaza mto hukatika ukabaki mabwawa, na viboko na mamba husongamana humo, kwa hiyo huko moshi wa Septemba una fidia yake.

*

Nina maswali mawili mafupi. Je, ninaweza kutumia flashi kwa sokwe? Na kwa nini tunavalishwa barakoa, ilhali picha zetu tukiwa nazo hazipendezi? Msomaji, Kibirizi.

Flashi hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa ingewageuza macho na kuwafukuza. Droni vilevile hairushwi hifadhini bila kibali.

Barakoa ni kwa ajili ya sokwe. Wanapata mafua yetu na huweza kufa kwayo, na mwaka 1966 sokwe wa Gombe walikumbwa na ugonjwa uliofanana na polio ambao uliwaacha wengine wamepooza viungo. Ukiwa unakohoa, ahirisha safari, hata kama nauli ya boti umekwisha kulipa.

Nami niongeze swali ambalo hukuuliza, kwa kuwa unaishi jirani na maji: unaihifadhi wapi kamera wakati wa masika? Mimi niliifungia yangu kabatini katika mkoba mzuri wa ngozi, Januari hadi Aprili. Nilipoitoa na kumulika lenzi kwa tochi, niliona nyuzi nyeupe ndani ya kioo, nyembamba kama utando wa buibui, zimeota kutoka ukingoni kuelekea katikati. Hiyo ni kuvu, na ngozi huinywesha unyevu. Tumia ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, uweke humo vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na usiweke mchele, kwani vumbi lake huingia kila mahali. Lenzi ile fundi aliisafisha nusu, na tangu hapo taa za wavuvi wa dagaa nikizipiga usiku kutoka Katonga hutoka kila moja ikiwa na duara la ukungu pembeni yake.